Kijana wa miaka 16 anasugua benchi OHL: je, msimu umeharibika?

SWALI: Mwanangu ni beki, amezaliwa Novemba 2009. Mwaka jana timu moja ya OHL, ligi ya hoki ya barafu ya vijana ya Ontario, ilimchagua raundi ya sita ya uteuzi wa wachezaji wapya, akafanya vizuri kambini na akabaki kikosini. Anaishi na familia mwenyeji, saa tano kwa gari kutoka kwetu. Oktoba na Novemba alicheza karibu kila mechi. Tangu Januari, timu ilipoleta mabeki wawili wa miaka 19, anatazama mechi jukwaani akiwa amevaa suti. Hana bao hata moja, ana pasi mbili tu za mabao. Wiki iliyopita aliniambia anataka kurudi nyumbani, na baba yake anataka kumpigia kocha simu. Je, msimu wake umeharibika? Tumruhusu aache? – Mama wa beki, Ontario

JIBU: Mama, msimu haujaharibika. Nasema hivyo kwa sababu nimefundisha mabeki wa umri huu, na hayo unayoyaeleza ndiyo mambo ya kawaida kabisa ya mwaka wa kwanza katika hoki ya vijana ya Kanada. Lakini swali la kuacha au kutoacha sitalijibu kwa kuangalia mabao na pasi. Kuna mambo mengine ya kutazama, na mengine kati ya hayo yakiwepo, nitakuambia umchukue kesho asubuhi.

Tuanze na Januari, maana hapo ndipo mlipoumia. Dirisha la kubadilishana wachezaji katika OHL hufungwa karibu na tarehe 10 Januari. Timu za ligi hii hazijengwi kama za wakubwa. Mchezaji huingia na miaka 16 na kutoka akiwa na 19 au 20, na timu hairuhusiwi kuwa na wachezaji zaidi ya watatu wa miaka 20. Kwa hiyo meneja akiona kundi lake la miaka 18 na 19 limeiva, anajua hana mwaka mwingine nalo. Anatoa haki zake za uteuzi wa miaka ijayo na kuleta watu wazima wa kumalizia kazi. Mbele yake liko Kombe la Memorial, linaloshindaniwa tangu 1919 kwa kumbukumbu ya wanajeshi wa Kanada waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Huingia timu nne tu: mabingwa wa OHL, wa ligi ya WHL ya magharibi na wa ligi ya QMJHL ya Quebec na majimbo ya mashariki, pamoja na timu mwenyeji. Timu ya Saginaw waliliandaa 2024, wakaja kulibeba kwa kuifunga London ya Ontario 4–3 katika fainali. Meneja anayeona nafasi ya namna hiyo hamwachi beki wa miaka 16 alinde bao moja dakika ya 58.

Sasa hesabu ya kikosi. Usiku wa mechi wanavaa jezi wachezaji 18 wa ndani na makipa wawili, na katika hao 18 mabeki kwa kawaida ni sita. Timu ikiwa na mabeki wanane, wawili watakaa jukwaani hata kama wote wanane ni wazuri. Walipokuja wale wawili wa miaka 19, aliyekuwa wa sita akawa wa nane. Kiwango cha mwanao hakikushuka usiku ule. Foleni ndiyo iliyorefuka, na mwishoni mwa msimu wengi wa hao walio mbele yake wataondoka.

Halafu tazama alikotoka. Uteuzi wa OHL una raundi 15 na timu 20, yaani majina yanayokaribia 300 kila mwaka, na yote ni ya vijana wa miaka 15 au 16. Wengi wa waliochaguliwa kuanzia raundi ya nne au ya tano huambiwa warudi walikotoka wakakomae mwaka mmoja zaidi, na wengine hawavai jezi ya OHL kamwe. Mwanao alichaguliwa raundi ya sita na akabaki mwaka huohuo wa kwanza. Klabu haitoi nafasi ya kikosi, kitanda kwa familia mwenyeji na mwalimu msaidizi kwa mtu ambaye haina mpango naye.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo naona mmelipita haraka, nalo ni Novemba. Hoki ya Kanada hugawanya umri kwa kalenda, kuanzia tarehe 1 Januari. Mtoto wa Januari 2009 na wa Novemba 2009 wanahesabiwa sawa, ilhali mmoja amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima wa kula, kulala na kurefuka. Roger Barnsley na wenzake walionyesha mwaka 1985 kwamba hoki ya vijana ya Kanada imejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, na waliozaliwa mwishoni ni wachache mno. Wanaozaliwa Januari wanaonekana wakubwa wakiwa na miaka tisa, wanapewa makocha bora, na pengo linazidi kupanuka. Mwanao amepenya chujio hilo akiwa upande usio na bahati. Na alianza msimu huu akiwa bado na miaka 15, akikabiliana na wanaume wa miaka 20 wenye ndevu.

Novemba hiyohiyo ina zawadi yake. NHL, ligi kuu ya wakubwa ya Amerika Kaskazini, haifuati Januari. Kuchaguliwa kunahitaji mchezaji awe ametimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba ya mwaka ule. Wenzake waliozaliwa mapema 2009 watasimama mbele ya maskauti, wasaka vipaji wa timu, mwaka 2027. Yeye zamu yake ni 2028. Wao wana misimu miwili ya OHL kujionyesha, yeye ana mitatu, na huu wa kujifunza ni wa kwanza tu. Ukimwambia hilo kwa utulivu, mkiwa na kalenda mbele yenu, nadhani utaona mabega yake yakilegea.

Tafadhali msimpime kwa majina makubwa. Connor McDavid aliruhusiwa kuingia OHL akiwa na miaka 15, na msimu wake wa mwisho na timu ya Erie, 2014–15, alipata pointi 120 (mabao na pasi za mabao) katika mechi 47. Huyo ni mmoja, na alikuwa mshambuliaji. Mabeki huchelewa kuiva. Mark Giordano alicheza OHL katika timu ya Owen Sound, hakuchaguliwa na timu yoyote ya NHL, alipita hadi Urusi kucheza msimu mmoja, na mwaka 2019, akiwa nahodha wa Calgary, alipewa tuzo ya Norris ya beki bora wa NHL. Simtaji ili nikuahidi NHL. Timu 32 zikichagua raundi saba, ni vijana 224 kwa mwaka kutoka dunia nzima, na hata wengi wa hao hawafiki. Namtaja kwa sababu pasi mbili za mabao akiwa na miaka 16 hazikuambii lolote kuhusu beki.

Nini basi kinachokuambia? Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana wazazi wengi hutazama kitu kisichofaa msimu mzima.

Kazi ngumu kuliko zote kwa beki kijana ni kisahani, ndio “mpira” wa hoki ya barafu, kinachotupwa nyuma yake. Wapinzani wanakisukuma hadi kona, naye anageuka kukifuata akiwa ameupa uwanja mgongo. Nyuma yake anakuja mtu wa miaka 19 mwenye kilo 95, kwa kasi, akiwa na ruhusa ya sheria kumbana ukutani. Katika ligi ya chini ya miaka 16 alikuwa na muda wa kukichukua, kuinua kichwa na kuchagua. Hapa muda huo haupo. Uamuzi lazima awe ameufanya kabla ya kukigusa kisahani: anatupa jicho juu ya bega la kushoto, kisha la kulia, anajua mwenzake yuko wapi na adui anatoka upande gani, ndipo anakigusa na kukitoa kwa mguso mmoja. Asiyetupa jicho anapoteza kisahani, na kingine kinachofuata anakikimbilia kwa woga, na woga ndio unaoumiza watu ukutani.

La pili ni nafasi anayoiacha kati yake na mshambuliaji anayekuja. Kijana anayeogopa kupitwa hurudi nyuma mno, na mshambuliaji wa OHL akipewa mita nne anapiga shuti au anakata kuingia ndani. Anayejiamini husogea, anaweka fimbo kwenye njia ya pasi na kumlazimisha mtu kwenda pembeni. Kujiamini huko hakuji kwa hotuba. Kunakuja kwa kurudia mazoezini na kwa kutazama video za zamu zake mwenyewe.

Kwa hiyo ukiongea naye, usiulize “ulicheza?”. Uliza kama kocha wa mabeki bado anakaa naye kutazama video. Uliza kama siku asizocheza wanamkimbiza kwenye barafu peke yake au na wenzake wa jukwaani, na nani anasimamia. Uliza amenyanyua uzito gani gimu mwezi huu kulinganisha na Septemba. Uliza kazi moja waliyompa kurekebisha ni ipi. Akikupa majibu ya moja kwa moja, mwanao yuko darasani hata kama jina lake halipo kwenye karatasi ya mechi. Akisema hakuna anayemwambia chochote tangu Januari, hapo kuna tatizo la kweli, na ni la klabu.

Usipuuze uchovu pia. OHL ina mechi 68 kuanzia Septemba hadi Machi, nyingi kati ya Alhamisi na Jumapili, na wikendi ya mechi tatu kwa siku tatu si ajabu. Sault Ste. Marie, mji wenye timu ya ligi hii, uko karibu kilomita 700 kutoka Toronto, na basi linarudi usiku. Kisha mwishoni mwa Januari shule za Ontario hufanya mitihani ya muhula wa kwanza. Mwanao alipata mabeki wapya, mitihani na baridi kali ndani ya wiki chache, akiwa mbali na mama. Kijana akisema “nataka kurudi nyumbani” katika wiki hizo, mara nyingi maana yake ni kwamba amechoka na anakukumbuka. Mwendee. Hata wikendi ambayo hachezi, hasa wikendi ambayo hachezi, endesha hizo saa tano, mkae mle pamoja bila kuzungumza hoki.

Sasa yale yanayonifanya niseme umchukue. Akipigwa kichwa na kuficha ili asipoteze nafasi, hilo si la kungoja. Ontario ina Sheria ya Rowan, iliyopitishwa 2018 baada ya kifo cha mchezaji kijana wa raga, Rowan Stringer, nayo inataka mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo aondolewe uwanjani papo hapo, asirudi mpaka daktari aseme. Uliza moja kwa moja kuhusu maumivu ya kichwa, usingizi na mwanga kumuumiza macho. Akidhalilishwa na wakubwa wake ndani ya basi au chumba cha kubadilishia nguo, au akitukanwa kwa rangi au asili yake na watu wazima wakanyamaza, hilo pia si la kungoja. Jopo huru lililoundwa na CHL yenyewe, chombo kinachounganisha ligi hizi tatu, lilitoa ripoti mwaka 2022 likisema unyanyasaji umekuwa sehemu ya mazoea ya mfumo. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba “ndivyo vijana walivyo”. Na akiacha kula, kulala, au kupokea simu zako, mpigie mama wa familia mwenyeji siku hiyohiyo. Huyo anamwona asubuhi kabla hajavaa uso wa ushujaa.

Dalili hizo zisipokuwepo, ushauri wangu ni amalize msimu. Kuna njia ya kati ambayo mnaweza kuiuliza: klabu hukubali wakati mwingine kijana wa miaka 16 ashuke daraja la pili la vijana akacheze dakika 20 kila usiku, huku haki zake zikibaki kwao. Tarehe za usajili hubana, basi meneja aulizwe mapema. Mimi huipenda njia hiyo kwa beki ambaye amekosa mechi nyingi mfululizo, kwa sababu kusoma mchezo kunahitaji kucheza. Lakini ikiwa mazoezi yake ni mazito na kocha yuko naye, miezi miwili ya kufanya mazoezi dhidi ya watu wa miaka 19 kila siku ina faida ambayo mechi rahisi hazina.

Mjiandae pia kwa mchujo wa ubingwa baada ya msimu wa kawaida. Timu 16 kati ya 20 huingia, na kila raundi ni ya ushindi wa mechi nne. Dakika za vijana hupungua zaidi huko. Muda wa nyongeza hauishii kwa mikwaju ya penalti, wanacheza mpaka bao lipatikane, na kocha hutumia mabeki wanne anaowaamini. Mwambie mapema ili lisimwangukie. Hata hivyo mtu akiumia raundi ya pili, jina la nane huitwa saa tatu kabla ya mechi, kwa hiyo siku zote alale na kula kama anayecheza.

Kuhusu masomo, jambo moja limebadilika na wazazi wengi bado wanaishi na hofu ya zamani. Zamani kijana aliyecheza CHL alifungiwa mlango wa hoki ya vyuo vikuu vya Marekani. Novemba 2024 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hivyo, ilipiga kura kuufungua, na tangu tarehe 1 Agosti 2025 wachezaji wa CHL wanakubalika. Gavin McKenna, aliyetazamwa na kila skauti, alitoka timu ya Medicine Hat ya WHL kwenda chuo kikuu cha Penn State. Vilevile OHL, kwa kawaida, humwekea mchezaji mwaka mmoja wa ada ya chuo kwa kila msimu anaocheza. Soma mkataba wenu mpate masharti na tarehe zake, na kabla hajasema anaacha, uliza kwa maandishi msimu huu utahesabiwaje akiondoka sasa. Divisheni ya kwanza ya NCAA inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari, na alama za mwaka huu zinaingia humo. Kama mitihani ya Januari ilikwenda vibaya, mtafute mshauri wa elimu wa klabu wiki hii. Hilo lina uzito kuliko nani anacheza Ijumaa.

Tuje kwa baba yake na simu ya kocha. Namwelewa, lakini asipige kwa habari ya dakika za kucheza. Kocha akipokea simu hiyo, kesho yake kijana ndiye anayeingia chumbani akiwa na aibu. Dakika ni mazungumzo ya mchezaji mwenyewe. Mwanao aombe dakika 10 na kocha wa mabeki, siku isiyo ya mechi, na aulize maswali matatu: nifanye nini ili niwe wa sita tena, nikifanya vizuri nani ataniambia, na mpango wenu kwangu msimu ujao ni upi. Aandike majibu. Najua ni mengi kwa mtoto wa miaka 16, ila wengi niliowaona wakifanya hivyo walitoka mle wakiwa wamesimama wima, hata majibu yalipokuwa machungu.

Baba anapaswa kupiga, na kumpigia meneja mkuu, kwa habari ya afya, usalama, shule au nyumba anamoishi. Hapo asisite na asiombe radhi kwa kusumbua. Klabu iliichukua dhamana ya mtoto wa watu.

Msimu ukiisha kutakuwa na kikao cha kila mchezaji na uongozi. Ombeni maoni yale yawe kwenye karatasi: uzito gani wanataka, kasi gani, kosa gani la mchezo. Kisha aje nyumbani, apumzike wiki kadhaa bila viatu vya barafu, na ndipo mumuulize tena kama anataka kurudi. Akisema hapana mwezi Mei, akiwa amelala vya kutosha na amekula chakula chako, mwamini. Zungumzeni na klabu, muulize shule yake ya zamani kuhusu nafasi ya Septemba, na acheze hoki karibu na nyumbani kama bado anaipenda.